Kutoka santuri hadi simu: Brussels na daftari la muziki wa Kongo

Kwa zaidi ya miaka 60 mji mkuu wa Ubelgiji umekuwa njia panda ya muziki wa Kongo. Mashine za kuurekodi na kuusambaza zimebadilika mara kadhaa, na teknolojia ya dijitali imeutia mfukoni mwa kila mwenye simu. Hata hivyo swali moja lililoulizwa zama za santuri lingali linaulizwa: je, muziki huu ni mali ya nani?

Meza ya Duara na wimbo mmoja

Tarehe 20 Januari mwaka 1960 ulifunguliwa mjini Brussels mkutano uliojulikana kwa jina la Meza ya Duara. Viongozi wa vyama vya siasa vya Kongo walikutana na wawakilishi wa serikali na bunge la Ubelgiji ili kuamua hatima ya koloni lililokuwa kubwa kuliko Ubelgiji yenyewe zaidi ya mara 70. Patrice Lumumba, ambaye mkutano ulipoanza alikuwa kifungoni, aliachiliwa na kusafirishwa kwa ndege ili ahudhurie. Tarehe 27 Januari wajumbe walikubaliana kwamba Kongo ingekuwa huru tarehe 30 Juni mwaka huohuo.

Pamoja na wanasiasa walifika wanamuziki. Joseph Kabasele, aliyefahamika zaidi kwa jina la Grand Kallé, kiongozi wa bendi ya African Jazz, alikuja na mpiga gitaa Nicolas Kasanda, yaani Docteur Nico, na kaka yake Nico aliyeitwa Déchaud. Kutoka bendi hasimu ya OK Jazz walikuja mwimbaji Vicky Longomba na mpiga gitaa Brazzos. Mwaliko wao ulipitia kwa Thomas Kanza, mmoja wa Wakongo wa kwanza kuhitimu chuo kikuu nchini Ubelgiji. Kazi yao ilikuwa kuwaburudisha wajumbe katika Hoteli Plaza, lakini walichokiacha kilikuwa kikubwa zaidi ya burudani.

Wimbo wao Indépendance Cha Cha, ulioimbwa kwa Kilingala katika mahadhi yaliyotoka Kuba, uliwataja kwa majina viongozi na vyama vilivyokuwa mezani. Ulirekodiwa hapohapo Ubelgiji, ukachapwa katika santuri ndogo na kupigwa redioni. Mwaka 1960 nchi 17 za Afrika zilipata uhuru, na katika nyingi kati ya hizo wimbo huo wa Kongo ulisikika kana kwamba ulitungwa kwa ajili yao.

Ni vyema kukumbuka jinsi wimbo ulivyosafiri wakati huo. Bendi ilivuka zaidi ya kilomita 6,000 kutoka Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, hadi Brussels. Sauti ilinaswa katika kanda ya sumaku, ikahamishiwa katika bamba la chuma, na bamba hilo likagandamiza santuri moja baada ya nyingine kiwandani. Santuri zikapakiwa na kurudishwa Afrika. Aliyekuwa na kanda asilia, yaani ile ya kwanza ambayo nakala zote hutolewa kwayo, ndiye aliyeamua nakala ngapi zichapwe, ziuzwe wapi na kwa bei gani.

Mwenye kanda ndiye mwenye neno

Kabasele alilifahamu hilo mapema. Katika miaka ya 1950 studio za Léopoldville, kama vile Ngoma, Opika na Loningisa, zilikuwa mikononi mwa wafanyabiashara kutoka Ulaya, wengi wao wakiwa Wagiriki. Kampuni ya CEFA, ambamo mpiga gitaa Mbelgiji Bill Alexandre aliwazoesha vijana wa Kongo gitaa la umeme tangu mwaka 1953, nayo ilikuwa ya Wabelgiji. Wanamuziki walipata vyombo, sare na umaarufu. Mabwana wa studio walibaki na kanda na vitabu vya hesabu.

Baada ya safari ya Meza ya Duara, Kabasele alianzisha lebo yake mwenyewe, Surboum African Jazz, mojawapo ya lebo za kwanza kumilikiwa na mwanamuziki wa Kongo. Kupitia lebo hiyo alirudi Brussels kurekodi, na mwaka 1961 akawawezesha hata wapinzani wake wa OK Jazz, pamoja na kijana Franco Luambo Makiadi, kuja kurekodi katika studio za Ubelgiji zilizokuwa na vifaa bora kuliko vya nyumbani. Ni katika kipindi hicho, katika ukumbi wa usiku wa Brussels ulioitwa Les Anges Noirs, ambapo Kabasele alikutana na mpiga saksafoni kutoka Kamerun, Manu Dibango. Dibango alijiunga na African Jazz na kwenda nao Kongo. Ushirikiano huo ulizaliwa kwa sababu mitambo ya kurekodia ilikuwa Brussels.

Lakini lebo ya Kabasele ilitegemea kiwanda cha watu wengine. Santuri zilichapwa na kampuni ya Fonior ya Brussels, iliyokuwa pia na kiwanda Kinshasa. Fonior ilipofilisika mwanzoni mwa miaka ya 1980, sehemu kubwa ya hazina ya muziki wa Kongo wa miongo miwili ilikuwa katika makabati ya kampuni hiyo na ya washirika wake. Katika miaka ya 1990 rekodi nyingi za enzi hiyo zilitoka upya katika CD kupitia kampuni ya Sonodisc ya Paris. Wapenzi wa muziki walifurahi kuzipata. Kwa familia za wanamuziki, ambao wengi wao walikuwa wamekwisha fariki, CD hizo zilikuwa ushahidi kwamba kazi ya wazazi wao bado inauzwa, na kwamba mauzo hayo yanaandikwa katika daftari ambalo wao hawajawahi kuliona.

Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika historia ya muziki huu, daftari lilikuwepo. Lilikaa Ulaya, na mwenye mali ndiye aliyekosa habari.

Kaseti za Matonge

Nusu saa kwa miguu kutoka Hoteli Plaza, katika manispaa ya Ixelles, kuna mtaa unaoitwa Matonge, jina lililochukuliwa kutoka kitongoji cha Kinshasa kinachosifika kwa muziki na baa zake. Mwaka 1961 ilifunguliwa hapo nyumba ya wanafunzi wa Kiafrika, Maison Africaine, na polepole mitaa iliyo jirani na Porte de Namur ikajaa saluni, maduka ya vitambaa, mikahawa ya samaki na ndizi, na maduka ya muziki.

Matonge ilineemeka kwa sababu ya kaseti. Chombo hicho kidogo kina asili yake nchini humohumo: kilibuniwa na wahandisi wa kampuni ya Philips katika mji wa Hasselt, mashariki mwa Brussels, na kutangazwa mwaka 1963. Tofauti na santuri, kaseti haikuhitaji kiwanda. Mtu mwenye redio ya kaseti mbili aliweza kutoa nakala nyumbani, akampelekea ndugu yake Goma, Bujumbura au Kigoma ndani ya bahasha. Muziki wa Kongo ukapenya hadi vijiji ambavyo santuri hazikufika, na kwa mara ya kwanza msikilizaji akawa msambazaji.

Faida hiyo ilikuwa na gharama yake. Kila nakala iliyotolewa nyumbani ilikuwa nakala isiyoandikwa popote. Wanamuziki wa Kinshasa walijibu kwa njia yao wenyewe. Katika miaka ya 1980 na hasa ya 1990 ulikua utaratibu uitwao mabanga, neno la Kilingala lenye maana ya mawe. Mwanamuziki hutaja ndani ya wimbo jina la mtu aliyemlipa: mfanyabiashara wa Kinshasa, mwanasiasa, au kijana wa Matonge anayetaka jina lake lisikike nyumbani. Wapo wanaoudharau utaratibu huu na kuuona kama ombaomba ya majukwaani. Lakini kwa hesabu za kibiashara una mantiki yake. Ikiwa nakala haziwezi kulindwa, basi fedha ichukuliwe kabla ya wimbo kutoka, na risiti iwe jina lenyewe linaloimbwa.

Franco, aliyewahi kuletwa Brussels na Kabasele akiwa kijana, alijenga himaya ya lebo zake mwenyewe na kuishi kwa vipindi virefu mjini humo katika miaka ya 1980. Alifariki tarehe 12 Oktoba 1989 katika hospitali ya Namur, kusini mwa Brussels, na Zaire ikatangaza siku 4 za maombolezo ya kitaifa. Kwa wengi kifo chake kilifunga ukurasa wa bendi kubwa zilizoendeshwa kwa mauzo ya santuri. CD, iliyoingia sokoni mwaka 1982, ilikuwa tayari imeanza kuchukua nafasi yake, na ndani ya kila CD sauti haikuwa tena mfereji uliochongwa bali orodha ndefu ya tarakimu. Kilichoandikwa kwa tarakimu hunakiliwa bila kupoteza ubora wake. Maduka ya Matonge yaliihisi athari ya badiliko hilo miaka kadhaa baadaye, pale nyimbo zilipoanza kupita katika intaneti, na hasa baada ya YouTube kuanzishwa mwaka 2005. Wimbo uliotolewa Kinshasa asubuhi ulisikika Ixelles kabla ya jua kutua, na hakuna duka lililohitajika kati ya miji hiyo miwili.

Mauzo yalipoporomoka, wanamuziki waliegemea matamasha ya Ulaya. Huko nako walikutana na nguvu mpya ya intaneti. Wanaharakati wa Kikongo waishio Brussels, Paris na London, waliojiita combattants, waliwashutumu wanamuziki mashuhuri kwa kuwaunga mkono watawala wa Kinshasa. Wakihamasishana kwa video na ujumbe wa simu, walizuia matamasha mengi katika miaka ya 2010. Msikilizaji aliyekuwa msambazaji wakati wa kaseti alikuwa sasa na uwezo wa kumfungia mwanamuziki milango ya ukumbi.

Studio ndani ya begi

Wakati maduka yakififia, katika mji huohuo wa Brussels kulikuwa na kazi nyingine ikiendelea. Kampuni ya Crammed Discs, iliyoanzishwa na Marc Hollander mwanzoni mwa miaka ya 1980, ilitoa mwaka 1983 albamu iitwayo Noir et Blanc, ambamo sauti ya mwimbaji Mkongo Bony Bikaye iliunganishwa na mitambo ya kielektroniki. Wakati huo ilionekana kuwa jambo la ajabu. Miaka 20 baadaye ilieleweka kuwa ilikuwa dalili ya yajayo.

Mtayarishaji Mbelgiji Vincent Kenis aliwahi kusikia redioni rekodi ya kundi la Kinshasa lililopiga likembe, ala ndogo ya vyuma inayochezwa kwa vidole gumba, kupitia vipaza sauti vilivyotengenezwa kwa sumaku za magari makuukuu. Kundi hilo, Konono No 1, lilianzishwa na Mingiedi Mawangu katika miaka ya 1960. Kenis alilitafuta kwa miaka mingi, akalipata, na akalirekodi hukohuko Kinshasa kwa kutumia kompyuta ya mpakato. Albamu ya Congotronics ilitoka mwishoni mwa mwaka 2004. Mwaka 2006 Konono walipata tuzo ya muziki wa dunia ya redio ya BBC, na vijana wa Ulaya waliozoea muziki wa kompyuta walishangaa kusikia mngurumo kama huo ukitoka katika ala ya mababu. Mwaka 2009 Kenis na Crammed Discs walitoa albamu ya Staff Benda Bilili, kundi la wanamuziki wenye ulemavu wa miguu waliokuwa wakifanya mazoezi katika bustani ya wanyama ya Kinshasa. Sehemu kubwa ya albamu hiyo ilirekodiwa hapohapo bustanini.

Ukilinganisha na mwaka 1960, mambo yalikuwa yamegeuka. Wakati wa Kabasele wanamuziki ndio waliosafiri kufuata studio. Katika miaka ya 2000 studio ilisafiri ndani ya begi kuwafuata wanamuziki. Jambo moja tu lilibaki mahali pake: kampuni iliyotoa albamu, iliyotia saini mikataba na kutunza hesabu, ilikuwa bado Brussels.

Aliyekwenda hatua moja mbele ni kijana mzaliwa wa Brussels, Paul Van Haver, maarufu kwa jina la Stromae. Mama yake ni Mbelgiji, na baba yake, Mnyarwanda, aliuawa katika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Stromae alitunga kwa kompyuta, na alipokuwa akifanya mafunzo ya kazi katika kituo kimoja cha redio ndipo wimbo wake Alors on danse uliposikika hewani mwaka 2009. Mwaka uliofuata ulishika nafasi ya kwanza katika nchi nyingi za Ulaya. Hakuificha mbinu yake. Katika video fupi alizoziita masomo, alionyesha kupitia intaneti jinsi wimbo unavyojengwa sauti kwa sauti, hata kwa vyombo vya jikoni.

Mwezi Mei mwaka 2013 alionekana akipepesuka kama mlevi katika kituo cha tramu cha Louise, si mbali na Matonge. Wapita njia walimpiga picha kwa simu na kuzisambaza. Siku chache baadaye ilibainika kuwa kamera zilizofichwa zilikuwa zikirekodi video ya wimbo Formidable. Waliodhani wanamuumbua msanii walikuwa wamemfanyia matangazo bila malipo. Mwaka 2015, katika wimbo Carmen, aliugeuzia kisu mtandao wenyewe: video yake ya katuni inaonyesha ndege wa buluu anayenenepa hadi kummeza bwana wake.

Kwa historia inayosimuliwa hapa, jambo kubwa zaidi ni kwamba Stromae alianzisha kampuni yake mwenyewe, Mosaert, inayosimamia muziki, video na mavazi. Alichokijaribu Kabasele kwa Surboum African Jazz kiliwezekana kwa ukamilifu zaidi kwa mtu ambaye kiwanda chake ni kompyuta. Lakini Stromae alizaliwa Brussels, anafahamu lugha na sheria za hapo, na aliweza kuingia ofisini mwa mwanasheria kwa miguu. Wanamuziki walio wengi wa Kinshasa au Bukavu hawana fursa hiyo.

Saa 3,000 katika kabati la Tervuren

Tramu namba 44 hutoka ukingoni mwa Brussels, hupita msituni na kuishia Tervuren, mbele ya Jumba la Makumbusho la Kifalme la Afrika ya Kati. Jumba hilo lilitokana na maonyesho ya mwaka 1897 ya Mfalme Leopold wa Pili, ambapo Wakongo 267 waliletwa kutazamwa na umma na 7 kati yao wakafia Ubelgiji. Lilifungwa kwa miaka 5 ili lifanyiwe marekebisho, likafunguliwa upya mwezi Desemba mwaka 2018.

Mbali na vinyago na ala za muziki, jumba hilo linahifadhi saa zipatazo 3,000 za sauti zilizorekodiwa Afrika ya Kati. Za kale zaidi zilinaswa katika silinda za nta mwanzoni mwa karne ya 20, wakati wa msafara wa Armand Hutereau kaskazini mwa Kongo. Nta huvunjika, kanda za sumaku huoza, na mashine za kuzichezea huadimika. Kwa hiyo kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000 jumba hilo lilizihamishia rekodi hizo katika kompyuta, kazi ya miaka mingi inayodai kila kanda ichezwe kwa mwendo wake wa asili, isafishwe na kuandikiwa maelezo: nani aliimba, wapi, lini na kwa lugha gani.

Hapo ndipo tatizo linapojitokeza. Mtafiti wa kikoloni aliandika jina lake mwenyewe, jina la kabila na jina la kijiji. Mara nyingi hakuandika jina la mwimbaji. Wapo waliobahatika zaidi. Mwaka 1952, huko Jadotville, ambayo leo ni Likasi, mtafiti Hugh Tracey alimrekodi mpiga gitaa kijana aliyeimba kwa Kiswahili cha Katanga, na jina lake lilihifadhiwa: Mwenda Jean-Bosco. Kwa sababu jina liliandikwa, Mwenda alifahamika hadi Nairobi na Ulaya, na mtindo wake wa vidole viwili ukafundishwa kwa wengine. Waimbaji wengi wa Tervuren hawana hata hilo. Teknolojia ya dijitali inaweza kuondoa mikwaruzo katika sauti zao, lakini haiwezi kurudisha jina ambalo halikuandikwa.

Hata hivyo nakala ya dijitali imefungua mlango ambao ala ya mbao haiwezi kuufungua, kwani huweza kurudi nyumbani bila kuondoka ilipo. Mwaka 2021 Rwanda ilipokea kutoka Tervuren nakala za rekodi zaidi ya 4,000 za muziki wake wa jadi. Wako waliosifu hatua hiyo, na wako waliouliza kwa nini anayerudishiwa apewe nakala huku mwenye kuchukua akibaki na asilia. Swali lao lina uzito wa kisheria. Sheria ya Ubelgiji ya mwezi Julai mwaka 2022 iliruhusu kurudishwa kwa mali za kitamaduni zilizochukuliwa wakati wa ukoloni, lakini haikugusa nyaraka wala mabaki ya binadamu. Suala hilo linafahamika pia Afrika Mashariki, ambako kanda za iliyokuwa Redio Tanzania Dar es Salaam zimezusha mjadala kama huo juu ya nani alipwe pindi nyimbo za zamani zinapoingizwa katika kompyuta na kuuzwa upya.

Saa ya sheria

Pengine funzo kali zaidi linatokana na wimbo uleule wa Meza ya Duara. Kwa sheria za Umoja wa Ulaya zilizokuwa zikitumika, haki ya waimbaji, wapiga ala na mtayarishaji juu ya rekodi ilidumu miaka 50 tangu rekodi ilipotolewa. Mwaka 2011 Umoja huo ulirefusha muda hadi miaka 70. Lakini nyongeza hiyo ilizihusu tu rekodi ambazo mwezi Novemba mwaka 2013 zilikuwa bado zinalindwa. Rekodi zilizotolewa mwaka 1963 na baadaye ziliokoka. Zile za mwaka 1960 hadi 1962 zilikuwa zimekwisha kupitwa na muda.

Kwa maneno mengine, ulinzi wa rekodi ya Indépendance Cha Cha barani Ulaya ulimalizika tarehe 31 Desemba 2010, mwishoni mwa mwaka uleule ambao Kongo iliadhimisha miaka 50 ya uhuru. Tangu siku hiyo kampuni yoyote ya Ulaya imeweza kuitoa upya rekodi hiyo bila kuwaomba ruhusa warithi wa wapigaji wake. Haki ya utunzi ni jambo tofauti. Hiyo hudumu miaka 70 baada ya kifo cha mtunzi, na kwa kuwa Kabasele alifariki mwaka 1983, italindwa hadi mwisho wa mwaka 2053.

Ili haki hiyo ilete fedha, ni lazima wimbo uwe umesajiliwa. Nchini Ubelgiji, shirika la watunzi la SABAM, lililoanzishwa mwaka 1922, hukusanya mirabaha na kuwagawia wale walioandikishwa. Rekodi inayopelekwa katika majukwaa ya muziki ya intaneti hupewa namba ya kimataifa ya utambulisho yenye tarakimu na herufi 12. Namba hiyo, pamoja na majina ya watunzi, ndiyo inayouambia mtandao fedha ziende wapi. Shabiki anapopakia YouTube wimbo wa mwaka 1965 alioutoa katika santuri ya babu yake, akakosea jina la bendi na asimtaje mtunzi, amefanya wema kwa wasikilizaji, lakini fedha za matangazo hazitamfikia mrithi yeyote.

Vita vya zama hizi vinapiganwa pia Brussels, safari hii katika ofisi za Umoja wa Ulaya. Mwezi Machi mwaka 2019 Bunge la Ulaya lilipitisha muongozo unaoyawajibisha majukwaa makubwa ya intaneti kwa kazi za sanaa zinazopakiwa humo, na unaotaka wasanii walipwe ipasavyo. Ubelgiji ilikwenda mbali zaidi. Sheria yake ya mwezi Juni mwaka 2022 iliwapa watunzi na wasanii haki ya kulipwa na majukwaa ambayo hawawezi kuiuza wala kunyang'anywa kwa mkataba. Kampuni kubwa, zikiwemo Google na Spotify, ziliipinga mahakamani, na mwaka 2024 Mahakama ya Katiba ya Ubelgiji ilipeleka maswali kuhusu sheria hiyo katika Mahakama ya Umoja wa Ulaya mjini Luxembourg.

Siku ya baadaye

Msanii aliyeziunganisha nyuzi zote hizi anatoka katika ulimwengu wa Kiswahili. Baloji alizaliwa Lubumbashi mwaka 1978 na kuletwa Ubelgiji akiwa mtoto mdogo. Jina lake humkumbusha Mswahili neno walozi, na amewahi kueleza hadharani jinsi lilivyomwelemea. Alianza kwa kurap katika kundi la Starflam la mjini Liège. Baadaye alikwenda Kinshasa kurekodi na wanamuziki wa huko albamu ya Kinshasa Succursale, ambayo Crammed Discs iliitoa kimataifa mwaka 2011.

Ndani yake kuna wimbo unaojengwa juu ya Indépendance Cha Cha. Aliupa jina la Kifaransa na la Kiswahili kwa pamoja: Le jour d'après, Siku ya baadaye. Kizazi cha Kabasele kilisherehekea siku yenyewe ya uhuru, naye anauliza kilichofuata. Mwaka 2023 filamu yake Augure, inayozungumza Kiswahili, Lingala na Kifaransa, ilipata tuzo katika tamasha la Cannes. Ubelgiji, nchi ambayo mwaka 1960 iliwapokea wanamuziki wa Kongo kama watumbuizaji wa hotelini, iliichagua filamu hiyo kuiwakilisha katika kinyang'anyiro cha Oscar.

Tangu tarehe 30 Juni mwaka 2018 pana uwanja mdogo karibu na Porte de Namur, kwenye mlango wa Matonge, unaoitwa kwa jina la Patrice Lumumba. Mwezi Desemba mwaka 2021 UNESCO iliiweka rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa binadamu, kwa ombi la pamoja la Kinshasa na Brazzaville. Heshima hizo zimechelewa, lakini zimefika. Ambacho bado hakijafika ni hesabu. Kijana anayepita katika uwanja huo akiwa na simu anaweza kumsikiliza Grand Kallé kwa kugusa kioo mara moja, jambo ambalo wajumbe wa Meza ya Duara wasingeliamini. Ikiwa mguso huo utaandikwa kwa jina sahihi, mahali fulani mjukuu wa mpiga ala atapokea senti chache na, pamoja nazo, uthibitisho kwamba babu yake alikuwepo. Kazi ya kuyaandika majina hayo, wimbo baada ya wimbo, kutoka kwa wazee ambao bado wanayakumbuka, haingoji uamuzi wa mahakama.